Baridi ya Septemba Isitudanganye

Wakulima wa Tabora, mwezi wa Septemba ukiwa na ubaridi usio wa kawaida, mtu aweza kudhani kwamba mvua zitakuwa chache, akaacha kutayarisha shamba. Kwa maoni yetu, hayo ni makosa. Baridi ya juma moja haionyeshi mvua zijazo. Joto la Bahari ya Hindi, iliyo mbali na macho yetu, laweza kuleta mvua za kupita kiasi, kama mwaka 1961, ambapo Ziwa Victoria lilianza kupanda sana, na tena mwaka 1997.

Katika karne ya 19, wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliosafiri njia ya Bagamoyo walijitahidi kurudi kwao kabla ya mvua ili walime. Walifuata majira, si baridi ya siku mbili tatu.

Basi pimeni sasa mistari ya matuta, ikate mteremko. Mvua za kwanza zikilainisha udongo, inueni matuta mara moja. Kati ya matuta wekeni vizuizi vya udongo vilivyo vifupi kuliko tuta, ili maji yakizidi yapite juu yake bila kulibomoa. Udongo uliochukuliwa na maji hadi mbugani haurudi shambani.