Kwa Wazazi: Hadithi Mbili za Kua

Watoto wetu waonapo magofu ya Kua, kisiwani Juani, hutuuliza: "Mji huu ulipatwa na nini?" Hadithi ziko mbili. Moja yasimulia kwamba watu wa Kisimani walishusha jahazi baharini juu ya miili ya watoto wa Kua. Nao wa Kua, baada ya miaka, wakawaalika arusini, wakawaziba chumbani hata wakafa. Ya pili yataja Wasakalava wa Bukini, walioushambulia mji mwanzoni mwa karne ya 19. Twashauri hivi: mdogo na asikie kwanza habari za Wasakalava, ile ya kisasi ingoje akili ikomae. Lakini msiifiche. Ajuaye zote mbili atafahamu ya kuwa mji huumizwa na adui wa nje, na pia na chuki ya wenyewe.