Wageni 12, Abiria 750

Vijana wenzangu, na ninyi wa mashirika mnaotusomaga kimya kimya bila kucomenti, leo tuongelee fomu.

Si fomu ya mgao, wala ya intavyu. Ni fomu anayojaza mtu akikodi yoti ya kifahari kwa wiki moja kuzunguka visiwa vya Mediterania. Anaulizwa: kahawa yako unaipenda vipi? Kuna chakula kinachokudhuru? Nani kati yenu hajui kuogelea? Nani anatapika baharini? Mto wa kulalia uwe laini au mgumu? Nahodha na mpishi wanaisoma kabla mgeni hajafika, na safari yote inapangwa kufuata majibu hayo.

Kwa nini tuongelee mambo ya matajiri wakati huku watu wanahesabu vikombe vya unga? Kwa sababu hizo yoti ziko kwenye magrupu yetu kila siku. Video ya dakika moja, maji ya buluu, muziki, na chini mtu ameandika "Mungu asikie ombi langu". Halafu Jumatano tunaitwa kwenye ukumbi tunaonyeshwa picha za mitumbwi imepinduka na tunaambiwa: bahari ni hatari, msiende. Yoti na mtumbwi ni vya bahari ileile, wiki ileile ya Agosti. Mimi nasema video inatudanganya, na kile kikao nacho kinatudanganya. Kile cha pili kinaniudhi zaidi, maana kinafanywa kwa jina la kutusaidia.

Hebu kwanza tuone safari yao inavyopangwa. Kawaida ni Jumamosi hadi Jumamosi. Unachagua eneo: Napoli kwenda Capri na Ponza, au Sicily kwenda Lipari, Panarea na Stromboli, au visiwa vya Ugiriki karibu na Uturuki, Kos, Leros, Patmos. Unasaini mkataba, unalipa nusu, na iliyobaki kabla ya kupanda. Yoti kubwa ya injini msimu wa kiangazi inaweza kufika yuro 100,000 kwa wiki, na ziko za juu zaidi. Hiyo ni chombo na wafanyakazi wake tu. Unaongeza kama asilimia 30 ya akiba ya mafuta, chakula, vinywaji na ada za bandari. Kikibaki unarudishiwa, na risiti zinaonyeshwa. Kama safari yote iko Italia kuna kodi ya asilimia 22. Mwishoni unawapa wafanyakazi bahashishi, tuseme asilimia 10. Jumla yuro 162,000. Wakiwa wageni 12, ni 13,500 kila mmoja.

Wageni 12. Hiyo namba haikutoka hewani. Sheria za kimataifa za usalama wa bahari zinasema chombo kikibeba abiria zaidi ya 12, hicho ni meli ya abiria, na masharti yake ni mazito zaidi. Ndiyo maana yoti nyingi za kukodi, hata ile yenye urefu wa mita 50, inaishia 12. Na hao 12 wana jaketi okozi kila mmoja, redio, boya la kujipuliza, nahodha mwenye cheti, bima, na utabiri wa hewa unaosomwa kila asubuhi. Upepo wa meltemi ukivuma kule Aegean, nahodha anasema leo hatutoki, na wanabaki bandarini wanakula samaki. Hakuna anayemwita mwoga.

Sasa tarehe 14 Juni 2023. Meli ya uvuvi inayoitwa Adriana, mita kati ya 25 na 30, ilitoka Tobruk, Libya, ikiwa na watu wanaokadiriwa kufika 750, wengi wao Wapakistani, Wasiria na Wamisri. Ilizama mbele ya Pylos, Ugiriki. Waliotoka hai ni 104. Wanawake na watoto walikuwa chini, ndani, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyepona. Siku moja kabla, ndege ya Frontex ilikuwa imeshaiona meli hiyo na walinzi wa pwani walikuwa na habari.

Na unajua ni chombo gani kilichowafikisha manusura wengi bandarini Kalamata? Yoti. Mayan Queen IV, mita 93, mali ya familia ya bilionea wa Mexico, ilikuwa inapita karibu usiku huo, ikaitwa, ikaenda. Watu kama 100 wakashukia Kalamata wakitoka kwenye sakafu ya mbao iliyong'arishwa. Siwatukani mabaharia wale, walifanya wanavyotakiwa na sheria ya bahari: ukimkuta mtu yuko hatarini unamwokoa, huulizi pasipoti. Lakini usiku ule ulionyesha kitu ambacho vikao vya ukumbini havisemi. Palepale, saa zilezile, chombo kimoja kilikuwa salama kabisa na kingine kilikuwa kaburi. Kama bahari ndiyo muuaji, mbona inachagua?

Mtaniambia hata yoti zinazama. Ndiyo. Tarehe 19 Agosti 2024 yoti Bayesian ilizama Porticello, Sicily, dhoruba ikiwa kali. Walikuwa 22, wakafa 7, na 15 wakaokolewa na chombo cha jirani. Wapiga mbizi walitafuta siku baada ya siku mpaka wote saba wakapatikana, kila mmoja na jina lake. Mwaka uliofuata yoti yenyewe ikanyanyuliwa kutoka chini, uchunguzi uendelee. Ilikuwa haki, na msisome hapa chuki kwa wafu. Ninachodai ni kwamba haki hiyo iwe kipimo. Adriana iko kwenye kina cha kilomita kadhaa, hiyo naelewa. Lakini Italia hiyohiyo, mwaka 2016, iliinyanyua kutoka mita 370 meli iliyozama Aprili 2015 na mamia ya watu, na madaktari wake wakaanza kazi ya kuwatafutia marehemu majina. Kwa hiyo inawezekana. Wakitaka, inawezekana.

Chukueni na Lampedusa. Kisiwa hicho ni cha Italia lakini kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Kina ufuko wa Isola dei Conigli, ambao mwaka 2013 watalii kwenye TripAdvisor waliupigia kura kuwa bora kuliko fukwe zote duniani. Tarehe 3 Oktoba, mwaka huohuo, karibu na ufuko huohuo, meli iliungua na kuzama. Walikufa watu 368, wengi Waeritrea. Kuna mama mitaa yetu hii ambao mpaka leo wanaujua mwezi ule bila kuangalia kalenda. Tangu 2014, IOM imehesabu zaidi ya watu 30,000 waliokufa au kupotea kwenye Mediterania, na yoti zinaendelea kutia nanga palepale.

Au Kos. Kutoka Bodrum, Uturuki, mtalii anapanda feri asubuhi, haimalizi saa moja, yuko Kos anakunywa kahawa. Tikiti ni makumi machache ya yuro. Njia hiyohiyo ndiyo familia ya mtoto Alan Kurdi, wa miaka 2, walikuwa wanaitafuta Septemba 2015 kwa mtumbwi wa mpira. Na Wakongo wenzetu waliovuka kwenda Lesbos mnakumbuka walikofikia: Moria, kambi iliyojengwa kwa watu kama 3,000 ikabeba karibu 20,000, mpaka ilipoteketea Septemba 2020.

Basi tuseme lililo wazi. Kinachoua si maji. Ni karatasi.

Watu hujiuliza kwa nini mtu amlipe dalali maelfu ya dola wakati tikiti ya ndege ni mia kadhaa. Eti sisi wajinga, hatujui hesabu. Jibu liko kwenye sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2001, inayotoza faini kampuni ya ndege au meli ikimleta mtu asiye na hati za kuingia. Kwa hiyo yule msichana wa kaunta ya uwanja wa ndege ndiye anayekuwa afisa wa mpaka. Hajui sheria ya wakimbizi, anajua faini. Anakurudisha. Ukirudi, unamkuta dalali nje anakusubiri, na yeye haangalii viza. Biashara yake haikuanzishwa na bahari, ilianzishwa na ile kaunta.

Hapo ndipo nina ugomvi na vikao vya Jumatano. Mkituambia "bahari ni hatari", mnatuambia tulichokijua kabla yenu. Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na watoto mgongoni hafundishwi hofu ya maji. Kile ambacho hamsemi ni kwamba hatari hiyo imepangwa, ina vifungu na tarehe. Mnatuachia sisi kosa lote, kana kwamba kijana aliyeondoka alikosa elimu. Mgao wa Kakuma mwaka 2025 ulishuka chini ya theluthi ya kiwango, huko Uganda mwezi wa tano karibu watu milioni moja wakaondolewa kabisa kwenye chakula, halafu mtu aje na projekta aniulize kwa nini vijana hawatulii?

Na ninyi wa video, msicheke, nawafikia. Kutamani si dhambi. Lakini ukiposti yoti ukaandika "njia ni moja, kuthubutu", unamfanyia dalali matangazo ya bure. Yule kwenye video hakuthubutu kitu. Alisaini mkataba, akajaza fomu ya mito, akaonyesha pasipoti. Dalali hana fomu. Hakuulizi kama unajua kuogelea. Hana risiti, na upepo ukivuma hasemi leo hatutoki.

Wengine watasema: tajiri amelipa pesa yake, wewe unataka nini? Sitaki yoti ya mtu. Waliokuwa Adriana nao walilipa, tena wengine waliuza shamba. Tofauti ni kwamba pesa ya mmoja inanunua usalama, na ya mwingine imekatazwa kuununua.

Ninachotaka ni mambo yanayowezekana. Kwanza, hati ya kusafiria ya mkimbizi. Iko kwenye kifungu cha 28 cha Mkataba wa 1951, si hisani. Ninyi wa mashirika, badala ya kikao kimoja cha hofu, fanyeni kimoja cha kutusaidia kuomba hati hiyo, na fuatilieni pamoja nasi inapokwama. Pili, njia halali. Mpango wa UNICORE ulianza 2019 kwa wakimbizi waliokuwa Ethiopia, ukapanuka hadi nchi nyingine za Afrika: mwanafunzi anachaguliwa na chuo kikuu cha Italia, anapata viza, anapanda ndege, anashuka Roma na begi lake. Ni mlango mwembamba, unataka uwe na shahada ya kwanza, na wengi wetu hatuna. Lakini umethibitisha kwamba anga ya Italia haianguki mkimbizi akiingia kwa tikiti. Bandikeni tarehe za maombi ubaoni mapema, siyo siku mbili kabla ya kufungwa. Tatu, kuunganisha familia: kesi hizo zipewe mtu wa kuzijibu, siyo namba ya simu isiyoshikwa.

Na sisi wenyewe, tuache kusema "bahari imemchukua". Bahari haikumchukua mtu. Semeni alinyimwa viza, akanyimwa jaketi, akanyimwa msaada siku nzima wakimwona. Tukikosea jina la kinachotuua, tutaendelea kuogopa maji na kuwaacha wenye mihuri wakipumzika.

Asiyekubali aandike jibu. Tutaliweka hapahapa, bila kukata neno.