Kurudi kwa Masundosundo Si Ushahidi wa Usaliti

Mama mmoja mkaazi wa Mtoni, Unguja, alinijia na swali moja tu: "Daktari, nilichomwa vinyama kwa leza vikaisha. Baada ya miezi miwili vimerudi, na mume wangu anasema nimetoka nje ya ndoa. Nimjibu nini?" Aliyemtibu hakumweleza kwamba vinyama hivyo huweza kurudi. Kwa kukosa sentensi moja, ndoa ilikaribia kuvunjika.

Kwa maoni yangu, tiba ya leza isiyotanguliwa na maelezo hayo ni nusu ya tiba.

Masundosundo husababishwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na ya 11. Leza huunguza vinyama vinavyoonekana, lakini virusi huweza kubaki katika ngozi ya jirani inayoonekana kuwa nzima. Ni kama ndago zilizofyekwa juu, viazi vyake vikabaki ardhini. Ndiyo maana vinyama huota tena kwa wagonjwa wengi, zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye upungufu wa kinga mwilini yumo katika hatari kubwa zaidi.

Aidha, virusi hivi huweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila dalili yoyote. Kwa hiyo kinyama kinachoonekana leo hakituambii maambukizi yaliingia lini, wala yalitoka kwa nani. Hata anayemtuhumu mwenzake huenda anavyo naye asijue.

Wahudumu wenzangu, kabla ya kuwasha mashine tumweleze mgonjwa mambo haya: vinyama huweza kurudi, vikirudi, si uzembe wake, aje mapema tumtibu tena, na mwenza wake naye apimwe. Kondomu hupunguza hatari, ingawa haifuniki ngozi yote. Aina ya 6 na ya 11 ni nadra kuleta saratani, lakini mwanamke asiache uchunguzi wa mlango wa kizazi, kwani huenda ana aina nyingine. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana kitaifa mwaka 2018, hukinga. Haitibu vinyama vilivyokwishaota.

Mama yule alirejea pamoja na mumewe. Niliwaeleza wote wawili kwa dakika kumi, wakaondoka pamoja. Dakika hizo kumi zilistahili kuitangulia leza.