Mgongo Wako Nao Una Haki Juu Yako



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu, leo nataka tuzungumze jambo ambalo huwa hatulizungumzi msikitini wala madrasa, nalo ni mgongo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa kike wa miaka kama kumi, katika madrasa yangu hapa Buyenzi. Binti huyu alikuwa hatulii. Tukikaa kusoma, baada ya dakika chache anajinyoosha, anaegemea ukuta, anamlalia mwenzake. Nilimkemea mara nyingi nikidhani ni utovu wa adabu mbele ya Qur-aan. Siku moja nikamweka mbele ya wenzake, nikamwamuru akae wima bila kujitikisa mpaka mwisho wa somo. Akakaa, machozi yanamtoka, na hakusema neno.

Mama yake ndiye aliyekuja kunieleza. Kila alfajiri, kabla ya shule, mtoto yule alikuwa akichota maji safari mbili kwa dumu la lita 20, bidoni lile lile tunalobeba sisi watu wazima. Mgongo ulikuwa unamuuma, naye aliogopa kusema. Nilimwomba radhi yeye na mama yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuwauliza wenye ujuzi, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyojifunza.

MWILI NI AMANA

Sote tunaijua habari ya 'Abdullaah bin 'Amr (R.A.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa ibada. Mtume (S.A.W.) alimkataza kupita kiasi, akamfundisha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Basi ndugu msomaji, ikiwa hata ibada haikuachiwa iuchoshe mwili kiasi hicho, itakuwaje kwa bidoni la maji?

Maoni yangu ni haya: maumivu mengi ya mgongo na shingo katika nyumba zetu hayatokani na jini wala hasadi, na wala si uzee peke yake. Yanakuzwa na namna tunavyobeba, tunavyoinama na tunavyokaa, na mengi tunaweza kuyazuia bila gharama. Wala si sisi tu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna maradhi yanayowazuia watu kufanya shughuli zao kuliko hayo.

Uti wa mgongo umepangwa kwa pingili: saba za shingo, kumi na mbili za mgongo na tano za kiuno, kisha zile za chini zilizoungana. Kati ya pingili na pingili kuna visahani laini vinavyopokea uzito, na misuli ndiyo inayoshikilia mnara huo wote. Chukua ndoo ya maji uishike karibu na kifua, kisha inyooshe mbele kwa mikono. Maji ni yale yale, lakini utaona jinsi uzito unavyozidi. Kiuno chako nacho huhisi hivyo hivyo unapoinama kuokota mzigo ulio mbali na mwili.

MAMBO YA KUZINGATIA KILA SIKU

1. Kuinua mzigo. Usiinamie mzigo miguu ikiwa imenyooka. Usogelee, chuchumaa kwa kukunja magoti, uvute karibu na tumbo, kisha nyanyuka kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usipinde kiuno. Vijana wetu wanaobeba magunia soko la Ruvumera, na mafundi wa gereji zetu wanaoinua injini kwa mikono, wasione aibu kuita mtu wa pili.

2. Maji na watoto. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mtoto wa miaka kumi huenda ana kilo 30 tu. Huyo amebeba theluthi mbili ya mwili wake! Mpe madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, au aende mara nyingi zaidi na mzigo mdogo. Lile la lita 20 libebwe na baba au kaka mkubwa, au likokotwe kwa baiskeli au mkokoteni. Na begi la shule lisizidi sana sehemu moja katika kumi ya uzito wa mtoto, livaliwe mabega yote mawili.

3. Kazi za nyumbani. Ufagio mfupi ndio unaowainamisha mama zetu na dada zetu. Fungia mpini mrefu. Jiko la makaa liinue juu ya matofali, au kalia kigoda badala ya kuinama juu ya sufuria. Mtoto wa mgongoni afungwe juu na kwa kukaza, asining'inie kiunoni.

4. Kusoma na simu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo tano, na ukikiinamisha mbele, shingo hubeba zaidi ya hapo. Weka msahafu juu ya marufaa, si juu ya mapaja. Simu nayo inyanyue ifuate macho. Na kila baada ya nusu saa simama, tembea, zungusha mabega.

5. Kulala. Ukilala ubavu, weka mto mdogo kati ya magoti. Godoro lililobonyea katikati liweke juu ya mbao.

6. Mgongo ukishashikwa. Zamani watu waliambiwa walale kitandani wiki nzima. Leo matabibu wanashauri kinyume chake: pumzika kidogo, kisha rudi kutembea polepole na shughuli nyepesi. Kitambaa cha maji ya moto husaidia kiuno kilichokaza. Lakini kifundo kilichoteguka na kuvimba leo, kiweke kitu cha baridi kilichofungwa kwa nguo, dakika 15 hadi 20, na usikikande. Mikanda ya kiuno inayouzwa usiitegemee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauishauri, bali unasisitiza mazoezi na elimu.

NANI AUGUSE MGONGO WAKO?

Hapa ndipo ninapotaka kusema kwa ukali kidogo. Iko tiba inayoitwa kiropraktiki, ya kunyoosha pingili kwa mikono, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1895 na D. D. Palmer. Yeye alidai kwamba karibu maradhi yote yanatokana na pingili kukaa vibaya, dai ambalo halikuthibitika. Lakini kunyooshwa mgongo na mtu aliyesomea kumetajwa katika mwongozo ule wa 2023 kuwa moja ya njia zinazoweza kusaidia maumivu sugu ya kiuno. Tena kuutibu mgongo kwa mikono si jambo geni kwetu: karne nyingi kabla yake, Az-Zahraawi wa Andalus, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alikwishaandika juu ya kutibu pingili zilizotoka mahali pake.

Tatizo ni wale wasiosoma. Wako vinyozi ambao wakimaliza kukunyoa hukushika kichwa na kukigeuza ghafla mpaka shingo ilie. Watu hucheka na kusema wamestarehe. Ndani ya shingo kuna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na ikichanika, mtu anaweza kupata kiharusi. Ni nadra, lakini ikitokea, kinyozi atakusaidia nini? Wako pia wanaovuta mguu uliovunjika kabla haujapigwa picha. Mtume (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daawuud na wengineo, ametufundisha kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, hubeba dhamana ya madhara anayosababisha. Kwa hiyo usimkabidhi mtu mgongo wako kabla ya kumuuliza alisomea wapi. Hospitalini wapo wataalamu wa tiba ya viungo, wale wanaoitwa kine, na hao ndio wa kuanza nao.

Na ziko dalili ambazo hazingoji mkandaji wala mafuta. Ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia haja, au miguu ikalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo maumivu yanayofuata ajali au kuanguka. Na maumivu ya wiki nyingi yenye homa, jasho la usiku na kukonda, huenda ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Hicho kina dawa, lakini kikicheleweshwa huacha kibiongo au kupooza.

SWALA NA MGONGO

Swala ni ibada, si mazoezi ya viungo, wala hatuiswali kwa ajili ya kiuno. Lakini anayeitimiza kama alivyofundisha Mtume (S.A.W.), akatulia katika rukuu, mgongo umenyooka, kichwa hakikuinuliwa wala kuinamishwa, huyo amejifunza namna njema ya kuinama. Na mgonjwa asijitese. 'Imraan bin Huswayn (R.A.) alipokuwa na maradhi aliambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, na asipoweza kwa ubavu. Kiti msikitini ni ruhusa ya Allaah kwa asiyeweza, tusiwatazame wenzetu kwa jicho la lawama.

Nilipolisema hili la madumu mbele ya wazazi, baba mmoja aliniambia, "Ustadh, hata sisi tulilelewa hivyo, na tumekua." Nikamjibu, "Ni kweli mzee wangu, tumekua. Lakini hebu tuhesabu pamoja, wangapi kati yetu wanaswali kwenye kiti, na hawajafika miaka hamsini?" Alinyamaza kidogo, kisha akatabasamu, kwani yeye mwenyewe alikuwa amekuja akijishika kiuno.

Katika madrasa yetu sasa kila nusu saa watoto wanasimama na kujinyoosha, na kila mmoja ana marufaa yake, hata kama ni kipande cha ubao kilichopigwa misumari. Somo halijapungua, bali wanahifadhi vizuri zaidi. Ninachowaomba wazazi ni kimoja tu: leo jioni, litazame dumu analobeba mwanao, kisha mtazame yeye.

Namwomba Allaah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuzilinda amana zetu. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiiq.