Daftari ya Kura na Ugomvi wa Bara Hindi

Watu wengi wasikiapo habari ya Wahindu na Waislamu kupigana katika Bara Hindi hudhani ya kuwa hao wamechukiana tangu zamani kwa ajili ya dini, na ya kwamba hapana dawa. Fikira hiyo si kweli yote. Tofauti zipo, na ni kubwa: huyu humheshimu ng'ombe asimchinje, mwenziwe humla, huyu husali mbele ya sanamu, mwenziwe huiona haramu. Walakini watu hao walikaa pamoja kwa mamia ya miaka, mashamba yao yakipakana. Waligombana mara kwa mara, kama majirani wagombanavyo. Ugomvi wa siasa za zama zetu ni kitu kingine, nao tutaufahamu zaidi tukitazama daftari ya wapiga kura kuliko tukitazama msikiti na hekalu.

Katika mwaka wa 1906 ujumbe wa Waislamu, ukiongozwa na Aga Khan, ulikwenda Simla kumwona Lord Minto, aliyetawala India kwa niaba ya Mfalme. Waliogopa ya kuwa kura zikianza, wao walio wachache watashindwa siku zote. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Sheria ya 1909 iliwapa viti vyao wenyewe, na waliovipigia kura walikuwa Waislamu peke yao.

Sisi tufanyao kazi ya makaratasi twajua nguvu ya mstari mmoja katika fomu. Mtu akiulizwa dini yake kila aendapo ofisini, hatimaye hujiona kuwa ni dini hiyo kwanza, na mkulima au fundi baadaye. Tena mgombea asiyehitaji hata kura moja ya jirani wa dini nyingine hana sababu ya kumpendeza. Faida yake ni kuwaambia watu wake kwamba wako hatarini.

Mavuno yalionekana. Katika uchaguzi wa 1945 chama cha Muslim League cha Bwana Jinnah, kilichodai nchi ya Pakistan, kilipata viti vyote 30 vya Waislamu katika Baraza Kuu. Agosti 1946 maelfu waliuawa mjini Calcutta. Mwaka uliofuata mwanasheria Sir Cyril Radcliffe, ambaye hakupata kufika India kabla ya hapo, alipewa majuma kama matano tu ya kuchora mpaka. Watu wapatao milioni 15 walihama makwao, na waliokufa walikuwa mamia ya maelfu. Wengine husema milioni moja au zaidi. Gandhi, aliyewasihi watu waache kuuana, aliuawa tarehe 30 Januari 1948, na aliyempiga risasi alikuwa Mhindu mwenzake.

Moshi wa moto huo ulifika hata Kenya. Kabla ya uchaguzi wa 1952, daftari ya kura ya Wahindi wa hapa, iliyokuwa moja, iligawanywa: Waislamu mbali, na wasio Waislamu mbali, ijapokuwa maduka yao yalisimama ubavu kwa ubavu.

India yenyewe ilikuwa imekwisha kuifuta desturi hiyo katika katiba yake ya 1950. Mtu angetazamia amani. Lakini wenye siasa walivumbua njia nyingine ya kuwahesabu watu kwa dini. Mjini Ayodhya palikuwa na msikiti wa zamani, Babri, ambao Wahindu wengi waliamini umejengwa mahali alipozaliwa Rama. Katika mwaka wa 1990 Bwana Advani wa chama cha BJP alizunguka nchi kwa gari lililopambwa mfano wa gari la vita la kale, akidai hekalu lijengwe hapo. Chama hicho kilikuwa na viti viwili tu katika uchaguzi wa 1984. Katika ule wa 1991 kilipata 120. Tarehe 6 Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti, na katika ghasia zilizofuata walikufa watu wapatao 2,000.

Hata hivyo si kila mji uliwaka. Mtaalamu Ashutosh Varshney aliilinganisha Aligarh na Calicut, miji ambayo sehemu ya Waislamu katika kila mmoja ni karibu sawa. Aligarh ilipata fujo mara nyingi, Calicut karibu haikupata kabisa. Aliona ya kuwa Calicut wafanya biashara wa dini zote mbili walikuwa katika vyama vimoja. Uvumi mbaya ukitoka, walijua nani wa kumwuliza.

Hekalu la Ayodhya lilizinduliwa tarehe 22 Januari 2024, Waziri Mkuu Narendra Modi akishiriki ibada. Wengi walidhani kura za pale zimekwisha kupatikana. Miezi michache baadaye wapiga kura wa Faizabad, jimbo lenye mji huo, ambao wengi wao ni Wahindu, walimwangusha mgombea wa BJP. Miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa maduka na nyumba zilizobomolewa ili kupanua barabara iendayo hekaluni.