Mabaraza ya Leseni za Afya Yaulizwe Hesabu

Leseni ya daktari nchini Kenya hufanywa upya kila mwaka. Huitoa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), linaloendeshwa kwa Sura ya 253 ya Sheria za Kenya. Wauguzi wana baraza lao, matabibu wana lao, na wauzaji wa dawa wako chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Vyombo hivi vina nguvu kubwa. Baraza la madaktari, kwa mfano, linaweza kumwonya daktari, kuisimamisha leseni yake au kulifuta jina lake kwenye sajili. Jamaa wa mgonjwa aliyefariki wasio na pesa za wakili hugonga kwanza mlango huo.

Nani basi anayelikagua baraza lenyewe? Katiba ya 2010 ina sehemu ya jibu. Kwa kifungu cha 229, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni, kisha Bunge hupewa miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kifungu hichohicho chasema ripoti ithibitishe kama fedha za umma zimetumika kwa njia halali na kwa manufaa. Hapo kwenye manufaa ndipo penye uzito. Stakabadhi zinaweza kuwa kamili, kila shilingi ikaonekana ilikokwenda, na bado faili la mama aliyefia chumba cha kujifungulia likalala kabatini miaka na miaka. Tena sehemu ya mapato ya baraza ni ada wanazolipa madaktari haohao linaowahukumu. Hilo si kosa, lakini ni sababu tosha ya kutoliachia baraza lijisimulie lenyewe.

Mwananchi anayetaka kujua kama baraza linafanya kazi anahitaji hesabu za aina nyingine: malalamishi yaliyopokelewa mwaka huo ni mangapi, yaliyoamuliwa ni mangapi, kila moja lilichukua muda gani, yalitoka kaunti zipi, na ni leseni ngapi zilizosimamishwa. Majina ya wagonjwa hayahitajiki, wala hakuna anayetafuta kuwaaibisha madaktari. Daktari mwaminifu ndiye wa kwanza kuumia pale mzembe anapoachwa aendelee kutibu.

Njia ya kuziomba hesabu hizo ipo, na ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa wa habari, naye huliandika kwa niaba yake. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ingawa gharama ya kunakili karatasi inaweza kutozwa. Jibu litolewe ndani ya siku 21, na ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 30 za kulifikisha kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Kifungu cha 119 nacho kinamruhusu kila mtu kuwasilisha ombi Bungeni.

Barua moja kutoka kwa mfiwa mmoja ni rahisi kuchukuliwa kuwa uchungu wa mtu binafsi. Barua arobaini zenye maswali yaleyale, zikitoka Kwale, Kisii, Turkana na Nyeri, haziwezi kusomwa hivyo, na mbunge aliyepewa nakala hatakuwa na kisingizio kamati yake itakapokaa kuijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Kwa hiyo wito huu ni kwa vyama vya akina mama, kamati za zahanati, jumuiya za makanisa na misikiti, na vyama vya wagonjwa wa kisukari, figo na saratani: katika mkutano ujao, maswali hayo matano yaandikwe kwenye karatasi moja, wanachama watie sahihi, nakala ibaki kwa katibu, na barua ipelekwe barazani. Tarehe ya kupelekwa iandikwe kwenye daftari la chama, na siku 21 zianze kuhesabiwa.