Wimbo Unaompa Rafiki Ni Amana



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma ukurasa huu pamoja na wazazi wenu,

Jioni moja baada ya swala ya magharibi, jirani yetu alipiga hodi nyumbani kwetu hapa Buyenzi akiwa ameshika simu ya binti yake. Tulimkaribisha kiti, hakukaa. Alisema, "Jirani, sikuja kugombana. Lakini mwanangu analia usiku akisikiliza nyimbo alizopewa na mwanenu, na lugha yenyewe si Kiswahili, si Kirundi, si Kifaransa. Hebu niambieni, mnamfundisha nini mwanangu?"

Tulikosa jibu. Tulijua kwamba binti yetu, ambaye ana miaka kumi na sita, anapenda muziki wa kufokafoka wa Wakorea, na tulijua kuwa yeye na mwenziwe hugawana nyimbo hizo kila siku wakitoka shule. Tuliona ni mchezo wa watoto. Hatukuwahi kuuliza hata wimbo mmoja unasema nini. Jirani yetu alikuwa na haki ya kuuliza, na sisi ndio tuliopaswa kuwa tumeshauliza kabla yake.

Kabla hatujaendelea tuseme jambo moja. Kuhusu hukumu ya muziki, wanazuoni wamekwisha kueleza na kila nyumba ina msimamo wake. Wapo waliofunga mlango huo kabisa, nasi tunawaheshimu. Makala hii haikusudii kufungua mjadala huo. Tunasema na zile nyumba ambazo, tupende tusipende, nyimbo zimekwisha ingia kwa njia ya simu, na watoto wanapeana mikononi kama wanavyopeana karanga.

Tulimwomba jirani arudi kesho yake na binti yake. Tukaandaa chai na maandazi, tukakaa wote watano, tukawaambia mabinti: wekeni nyimbo zote mlizopeana mezani, na mtueleze kila mmoja unasema nini na kwa nini ulimpa mwenzako. Nyimbo zilikuwa saba. Tuliyoyasikia siku ile ndiyo yaliyotufanya tuandike.

Wimbo wa kwanza ndio uliokuwa ukimliza yule binti. Umeimbwa na mwanamke aitwaye Yoon Mi-rae, aliyezaliwa Marekani mwaka 1981, baba yake askari Mmarekani mweusi na mama yake Mkorea. Kule Korea Kusini watoto wa mchanganyiko walikuwa wakinyooshewa vidole. Mwaka 2007 alitoa wimbo ambao jina lake maana yake ni "Furaha Nyeusi". Humo anasimulia utoto wake, jinsi alivyosemwa kwa ajili ya rangi ya ngozi yake, na jinsi alivyokuwa akinawa uso kwa sabuni tena na tena akitaraji weusi utoke.

Hapo chumba kilinyamaza. Rafiki wa binti yetu ndiye mweusi kuliko ndugu zake wote, na shuleni wamempa jina ambalo hatutaliandika hapa. Mama yake hakuwa na habari. Aligeuka akamwuliza, "Na wewe umekuwa ukinawa namna hiyo?" Binti aliinamisha kichwa. Kumbe siku zile mama alizokuwa akilalamika kuwa sabuni inakwisha haraka, sababu ilikuwa hiyo. Binti yetu alijua jambo hilo miezi mingi, akakosa maneno ya kumfariji mwenzake, ndipo akampa wimbo wa mtu aliyepitia hayo hayo.

Ndugu wazazi, hebu tujiulize. Mtoto yule alimwambia nani shida yake? Alimwambia rafiki. Rafiki naye alijibu kwa kitu alichokuwa nacho. Laiti tungempokonya simu usiku ule tusingalijua lolote, na yeye angaliendelea kunawa.

Wimbo wa pili ulikuwa wa zamani kuliko mabinti wenyewe. Ni wa kundi la Seo Taiji and Boys, vijana watatu walioingiza mtindo wa kufokafoka katika muziki wa watu wote kule Korea. Mwezi wa Aprili mwaka 1992 walijitokeza katika shindano la televisheni, na waamuzi, watu wazima wa fani, wakawapa alama za chini kuliko wote. Haukupita muda, wimbo ule ule ukashika nafasi ya kwanza nchini kwa wiki nyingi. Mwaka 1995 walitoa wimbo unaowaita vijana waliotoroka makwao warudi nyumbani, na ilisimuliwa sana kule Korea kwamba wapo waliousikia wakarudi kweli. Binti yetu alisema alimpa mwenzake wimbo huo siku ile mwenzake alipomwambia, "Natamani niondoke, niende nisikojulikana." Mama yake aliposikia hivyo, alikaa. Tangu jana yake alikuwa hajakaa kwenye kiti chetu sawasawa.

Kundi hilo hilo lina kisa kinachotuhusu sisi watu wazima. Mwaka 1994 walitoa wimbo wa kulaumu mfumo wa shule za Korea, jinsi watoto wanavyobanwa kwa mitihani. Ukazuka uvumi kwamba wimbo huo ukipigwa kinyumenyume unasikika maneno ya shetani. Wazazi wakaingiwa na hofu. Lakini maneno yaliyokuwa yakisikika waziwazi, ukipigwa kawaida, yalikuwa malalamiko ya mtoto juu ya shule yake. Watu walihangaika kutafuta yaliyofichika wakaacha kusikia yaliyosemwa. Na sisi tusije tukawa hivyo.

Mwaka uliofuata kamati ya serikali iliyokuwa ikikagua nyimbo iliwaambia wabadilishe maneno ya wimbo wao mwingine. Wao wakautoa bila maneno kabisa, mdundo mtupu. Wapenzi wao walipinga kwa sauti kubwa, na mwezi wa Juni mwaka 1996 ukaguzi wa nyimbo kabla ya kutolewa ukafutwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi ya kuchuja ikabaki kwa msikilizaji mwenyewe na kwa nyumba yake. Na hapa kwetu ndivyo ilivyo leo. Hakuna kamati itakayokaa ndani ya simu ya mwanao. Kamati ni wewe.

Wimbo wa tatu ni wa kundi la Epik High, wa mwaka 2005, wa kumtia moyo aliyekata tamaa. Huo haukuwa na neno. Lakini mabinti walituambia habari ya kiongozi wa kundi hilo, Tablo, nasi tunaona inafaa kila nyumba iisikie. Tablo alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 2010 watu kwenye intaneti wakazua kwamba ni mwongo, hakusoma huko. Wakaanzisha jukwaa lao, likapata wanachama zaidi ya laki moja. Alionyesha vyeti, wakasema vya kughushi. Chuo kikathibitisha kuwa alisoma, hawakuamini. Mwezi wa Oktoba mwaka ule polisi wa Korea nao wakathibitisha kuwa ni kweli alihitimu, na baadaye mahakama ikawatia hatiani baadhi ya wazushi. Lakini kwa wakati huo familia yake yote ilikuwa imekwisha tukanwa.

Tunalitaja hili kwa sababu vijana hawapeani nyimbo tu. Wanapeana na habari za waimbaji: fulani kafanya hivi, fulani si mtu mzuri. Dini yetu imetuamrisha tuihakiki habari kabla ya kuipokea, na buhtani ni buhtani hata kama anayesingiziwa ni Mkorea ambaye hutamwona maisha yako. Anayezoea kumzulia mtu wa mbali, haoni taabu kumzulia jirani.

Wimbo wa nne uligawanya meza. Ni wa Agust D, ambaye ni mmoja wa kundi la BTS, alioutoa mwezi wa Agosti mwaka 2016. Humo anaeleza waziwazi ugonjwa wake wa huzuni na hofu ya kukaa na watu, na jinsi alivyokaa na wazazi wake mbele ya daktari wa akili, na wazazi wakakiri kwamba hawamfahamu vyema mtoto wao. Sisi wazazi tuliosikia hivyo tulitazamana. Jirani yetu alisema wimbo huo una maneno makali na una giza, asingependa mwanawe ausikie peke yake usiku. Binti yetu alisema ndio wimbo pekee uliomfanya mwenzake aseme, "Kumbe si mimi peke yangu." Tunaona wote wawili walisema kweli. Wimbo kama huo usimpe rafiki ukaondoka. Ukimpa, kaa naye. Na ukiona huzuni ya rafiki imezidi uwezo wako, mwambie mtu mzima unayemwamini. Huko si kumsaliti.

Wa tano na wa sita walizielewa nusu nusu. Walizipenda kwa ufundi wa vina, na hapo ndipo baba wa nyumba hii, ambaye kwa asili ni mtu wa mashairi, alipotega sikio. Kikorea huweka kitendo mwishoni mwa sentensi, na vitendo huishia na silabi chache zile zile, kwa hiyo kina cha mwisho hupatikana kwa urahisi mno na hakina utamu. Mwaka 2001 msanii aitwaye Verbal Jint alionyesha kwamba inawezekana kupanga vina vya silabi nyingi, na vya ndani ya mstari, si vya mwisho peke yake. Sisi tuliolelewa kwa vina vya kati na vya mwisho hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Binti alishangaa kuona babake anaelewa upesi. Alikuwa hajui kwamba washairi wetu walikuwa na kazi hiyo hiyo miaka mingi iliyopita. Sasa anataka kujua mizani ni nini.

Ukabaki wimbo wa saba. Mabinti walisema wanaupenda kwa mdundo, maana hawaijui. Tukatafuta tafsiri kwenye intaneti papo hapo. Ndugu msomaji, ulikuwa ni wimbo wa kuwatukana wanawake tangu mwanzo hadi mwisho. Hatutautaja. Binti yetu alifunika uso kwa mtandio wake. Jirani yetu hakusema "niliwaambia", ingawa alikuwa na haki ya kusema.

Na hilo si la Waislamu peke yao. Huko huko Korea mwaka 2015, katika shindano la televisheni la wafokaji liitwalo Show Me the Money, mshindani mmoja alitamka mstari wa kuwadhalilisha wanawake, na madaktari wa uzazi wakajitokeza kulalamika mpaka watu wakaombwa radhi. Wakorea wenyewe, wanaoielewa lugha, waliona haya. Sasa sisi tusioielewa tutaimba maneno hayo jikoni mbele ya mama zetu, tukidhani ni mdundo tu?

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Wimbo unaompa rafiki ni amana, kama chakula unachompelekea jirani. Huwezi kupeleka sahani kwa jirani hujui ndani mna nini. Kijana, kabla hujampa mwenzako wimbo wa lugha msiyoijua, soma tafsiri yake yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha jiulize kama ungeweza kuusoma kwa Kiswahili mbele ya wazazi wake. Ukiona haya, acha. Ukiweza, mpe, na umwambie kwa nini umempa yeye.

Nasi wazazi tusikimbilie kupokonya. Tuulize, "Huu unasema nini?" Tena tuulize kama mtu anayetaka kujua, tusiulize kama askari. Tukipokonya, watoto watasikiliza chini ya shuka, na yale mabaya na yale mazuri yote yatakuwa siri moja. Tukiuliza, watazitenga wenyewe. Mabinti hawa waliufuta wimbo wa saba kabla hatujawaambia.

Wapo watakaosema kuwa tunalegea, kwamba leo ni tafsiri na kesho ni matamasha. Huenda hofu yao ina msingi, na kila mzazi anamjua mtoto wake. Lakini tunawauliza kwa heshima: yule binti aliyekuwa akijisugua uso kwa sabuni, ni nani kati yetu watu wazima aliyekuwa amemwona? Si mama yake, si mwalimu wake, si sisi tuliokuwa tukimpikia chakula kila Ijumaa. Rafiki yake ndiye aliyemwona.

Jirani yetu alipoondoka siku ile alimshika mwanawe mkono, jambo ambalo tulikuwa hatujaliona muda mrefu. Kule shuleni lile jina halijakoma, bado wapo wanaomwita. Mama yake amekwisha kwenda mara mbili kuzungumza na walimu, na anasema atakwenda mara ya tatu. Lakini sabuni, alituambia wiki iliyopita huku akicheka kidogo, sasa inamaliza mwezi.

Wabillahi tawfiq.